Rangi ya Kucha kwenye Parafujo

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na njia yote ya Kiwalani ni tope. Nimefika nyumbani na viatu mkononi. Sijala.

Leo nimeitwa mhujumu.

Mie, Sada, ninayekwenda kazini hata na homa. Meneja kaniita hivyo mbele ya karakana nzima, na rafiki yangu Bakari kasimama pembeni yangu kainamisha macho.

Niandike polepole, nisije nikaichana karatasi. Kiwandani tunachapa kanga. Ili rangi ishike, kitambaa lazima kipite kwenye tanuri la mvuke lenye joto la kutosha. Ndani ya tanuri kuna waya unaopima joto, ila umeme unaoutoa ni mdogo mno, hauwezi kuisogeza kalamu inayochora mstari kwenye karatasi. Kati ya waya na kalamu kuna kisanduku cha kuukuza umeme huo, na kisanduku hicho ni kazi yangu. Kina parafujo mbili. Nauchovya waya kwenye barafu, nageuza ya kwanza mpaka kalamu ikae kwenye sufuri. Nauchovya kwenye maji yanayotokota, nageuza ya pili mpaka isome mia. Halafu kila parafujo naidondoshea tone la rangi ya kucha, ili mtu akiigusa ijulikane. Kisha natia sahihi.

Wiki hii kanga zimerudishwa kutoka maduka ya ushirika. Zinachuja. Ukizitia kwenye beseni mara moja tu, maji yote mekundu. Meneja kafungua karatasi za joto: mstari umenyooka, hauna kasoro. Akaniamuru niuchovye waya kwenye maji yanayotokota, yeye akitazama. Kalamu ikapanda mpaka mia na tisa.

Tanuri lilikuwa halina joto la kutosha, karatasi ikisema linalo. Na sahihi ni yangu.

Nikainama kuitazama parafujo ya pili. Tone lilikuwapo, rangi yangu ileile, ila nene na linang'aa, la juzijuzi. Loo! Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwanzoni mwa mwezi huu Bakari aliniomba kichupa changu, eti mkewe ana harusi. Nikampa kwa furaha. Nikamwambia hata akimaliza sawa tu.

Bakari tumesoma naye ufundi darasa moja. Mafundi wakubwa waliposema mwanamke atakuja kupigwa na umeme hapa, yeye ndiye aliyenitetea. Sasa ni msimamizi wa zamu. Boila letu limechoka, mvuke hautoshi, na kalamu ikishuka amri ni kusimamisha mashine. Zamu yake haijasimama hata siku moja mwezi huu, na sasa najua kwa nini: aliigeuza parafujo ili kalamu isishuke. Mkutano wa wafanyakazi uliwapigia makofi.

Makofi, jamani!

Nilimfuata getini baada ya kazi. Nilitaka akane. Wallahi angekana ningemwamini, ndivyo nilivyo mjinga. Hakukana. Alisema, "Sada, dada yangu, wewe watakusamehe tu. Watasema mwanamke huyu, mambo ya mitambo yamemshinda. Mie wangenifunga."

Maneno hayo hayanitoki. Ingekuwa aliniponza kwa kutofikiri, ningelia yakaisha. Lakini alifikiri. Alikaa akatufikiria wote wawili, akaona wa kutupwa ni mie. Miaka yote hii nilidhani anaiona kazi yangu.

Nimeumia. Sina neno jingine.

Kesho asubuhi kamati ya wafanyakazi inakaa kunijadili. Wakisema ni hujuma, nimekwisha, na sidhani kama karakana ile itapokea msichana mwingine. Nitaomba barafu, nitaomba maji yanayotokota, nikirekebishe kisanduku mbele ya macho yao, waone kama mambo ya mitambo yamenishinda. Kisha nitalitaja jina la Bakari, naye akiwa amekaa palepale.

Halafu italia kengele ya chakula. Miaka sita nimekula mchana na mtu mmoja tu. Nitakaa wapi?