Fufu ya Mama Neema Ina Ngano

Nisamehe, shajara, na nyinyi mnaopita hapa kunisoma. Nimekaa kimya muda mrefu mno. Mtoto anaumwa, na sikuwa na cha kuandika ila kilio.

Leo Jumamosi, theluji ya majimaji imejaa Norsborg nzima, mtaa wetu huku ughaibuni. Sijafungua hata pazia.

Zawadi wangu ana miaka minne. Tangu daktari aseme tumbo lake halikubali ngano, nimefukuza nyumbani mkate, makaroni na biskuti. Bado tumbo limejaa kama ngoma, mikono imebaki vijiti. Juzi hospitalini wakaniambia asipoongeza uzito watamlaza.

Nitamzika mtoto katika nchi iliyojaa chakula?

Nikienda kazini anabaki kwa Mama Neema, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye anampenda kuliko wajukuu zake. Jana niliwahi kutoka, nikamkuta anasonga fufu ya jioni.

“Mama Zawadi, karibu! Leo amekula mpaka akalamba sahani!”

Mezani kulikuwa na pakiti mbili: wanga wa viazi, na zile chenga nyeupe za uji, mannagryn. Muhogo ukikosekana, Wakongo wengi huku tunachanganya hivyo. Wanga unashika, chenga zinatoa uzito.

“Mama, hizi chenga ni za nini?”

“Si mahindi hizo? Na wewe unazila kila Jumapili, leo unaniuliza?”

Nikageuza pakiti. Vete. Ngano.

Aliketi palepale na mwiko mkononi. “Kumbe mimi ndiye namuua mtoto?”

“Hapana, mama. Lakini ngano haitaingia tena mdomoni mwake.” Nilisema hivyo huku nimemshika bega.

Mimi pia nilidhani wanga ni wanga tu. Muhogo huuhifadhi kwenye mzizi, kiazi chini ya udongo, mpunga na mahindi na ngano kwenye punje. Muuguzi alishanieleza: wanga wenyewe hauna kosa, kinachomuumiza ni kitu kingine kinachokaa nao ndani ya ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya mkate mweusi. Lakini kwa macho utakijuaje? Unga wote ni mweupe.

Sasa Zawadi hataki kitu kingine. Wali ameusukuma. Viazi amevitema. Nimesonga wanga wa viazi peke yake, ikawa gundi. “Fufu ya bibi,” analia, halafu anashika tumbo: “Ont, mama.” Linauma.

Unga wa muhogo wa dukani umeandikwa huenda una chembe za ngano. Sithubutu kumpa.

Dada Furaha, najua huko Uvira unanisoma. Yule mama wa kwaya anayekuja huku anapanda ndege Jumanne. Mpe hivi:

Unga wa muhogo kilo sita, wa mihogo uliyoianika mwenyewe. Utwange kwenye kinu kilichooshwa. Usipeleke mashineni, wanasagia ngano palepale.

Mifuko mipya, isiyowahi kubeba unga wa mkate.

Ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, kopo moja.

Chekecheo mpya.

Na miiko miwili ya mbao, mmoja wa Mama Neema. Wake ameutupa mwenyewe.