Nilitaka Rangi ya Kucha Ikauke Haraka, Sasa Muuzaji Anaitwa Mwongo

Mshauri, shikamoo. Nina jambo linalonikosesha raha, na kwa kuwa siwezi kumwambia mtu yeyote wa nyumbani nimeona niombe msaada kwako, nami nitajitahidi kueleza kila kitu kwa mpangilio kama tulivyofundishwa, ingawa sehemu ya katikati inanitia aibu.

Nina miaka kumi na sita na niko kidato cha tatu. Shangazi yangu, dada yake baba, ana saluni ya vyumba viwili katika jengo lenye korido ndefu ya maduka. Chumba cha ndani ni cha kuoshea nywele, cha mbele ni cha kusukia, na karibu na dirisha kuna meza ndogo ya kucha. Dada aliyekuwa akikaa kwenye meza hiyo alijifungua mwezi uliopita, na kwa kuwa shule zimefungwa shangazi alinikalisha pale akaniambia, "Jaribu likizo hii. Wateja wakiridhika, Jumamosi zote meza ni yako, na ukimaliza shule nitakupeleka mwenyewe chuo cha urembo." Mshauri, darasani mimi si wa kwanza wala wa mwisho, lakini mkono wangu hautetemeki, na tangu siku ile sijatamani kitu kingine kama ninavyoitamani ile meza.

Shida ilikuwa kukauka. Kanuni ya shangazi ni matabaka matatu mazito, kwa sababu anasema rangi nyepesi ni ubahili na mteja anauona, na matabaka matatu mazito huchukua karibu saa nzima kukauka, na saa yote hiyo mteja amenyoosha vidole hawezi kushika kitu, hawezi kujikuna, hawezi kufungua mkoba wake. Kuna mama mmoja simu yake iliita katikati ya hali hiyo, akaniambia, "Wewe mtoto, nishikie hapa sikioni, na usisikilize," nikamshikia, nikasikia yote, mume wake anauliza chumvi iko wapi na yeye anamjibu kwamba iko palepale ilipokaa tangu waoane, na alipocheka akajipiga paja na kucha nne zikaharibika, nikaanza upya. Dada msusi akawa ananitania, "Meza yako imekuwa kituo cha polisi, anayeingia hatoki." Nilijaribu kupuliza kwa mdomo mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Nilijaribu draya ya nywele ikiwa ya moto, rangi ikatoa vipovu kama maziwa yanayochemka.

Ndipo nikakumbuka somo la kemia. Mwalimu wetu alitudondoshea asetoni viganjani, tukasikia baridi, ikatoweka kabla hatujamaliza kushangaa, akatueleza kwamba baadhi ya vimiminika hugeuka mvuke haraka kuliko vingine. Na asetoni ndiyo hiyohiyo tunayofutia rangi pale saluni, ipo chupa kubwa chini ya meza. Nikawaza kwamba kama rangi inachelewa kukauka, basi ikichanganywa na kitu kinachokauka haraka nayo itakwenda mwendo huo. Siku ya Ijumaa shangazi alipotoka kwenda kununua nyuzi za kusukia, nikatia matone ishirini katika kila chupa, chupa kumi na moja mpya zilizoletwa wiki ileile, nikihesabu kama niko maabara, nikazitikisa, nikazirudisha kwenye mstari wake.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Rangi ilikauka kwa dakika kumi. Shangazi akapita na kitana mkononi akasema, "Leo meza inakimbia! Umeifanyia nini?" Nikamjibu kwamba nimeanza kuzoea.

Jumanne wateja wakaanza kurudi. Rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande kama ukuta wenye unyevu. Mwalimu wa chekechea akaweka mikono yake mezani mbele ya watu wote akasema, "Tazama. Watoto wangu leo wamejifunza kutoa. Kumi toa sita." Saluni nzima ikacheka. Shangazi hakucheka. Alifungua chupa, akainua brashi, rangi ikachuruzika kama chai, akasema, "Huyu mtu ametuchanganyia!"

Huyo mtu ni muuzaji wetu wa vipodozi. Tunamwita Baba Magurudumu, kwa sababu kila Alhamisi huja akiburuta sanduku lenye magurudumu yanayolia, unamsikia tangu mwanzo wa korido. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia shangazi kwamba mkono wangu umetulia. Alhamisi ile alipofika hakukaribishwa hata kiti.

"Mzee wangu, tangu lini unaniuzia maji?" shangazi akamuuliza.

"Maji gani tena, mama?"

"Fungua mwenyewe uone."

Akafungua, akaitazama, akainusa. Akasema, "Mama, hii siyo rangi niliyoileta. Mimi nilikukabidhi chupa zina vizibo vyake, hazijaguswa."

"Kwa hiyo zimejizimua zenyewe usiku?"

Akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye uliyezifungua. Zilikuwaje?"

Mshauri, jibu lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Sijui."

Akanitazama kidogo, wala hakuwa na hasira, akafunga sanduku lake akaondoka. Shangazi akatangaza korido nzima kwamba mzee huyo anauza rangi iliyochanganywa, na sasa saluni mbili nyingine nazo hazitaki bidhaa zake. Alhamisi iliyopita niliyasikia magurudumu yakipita mlangoni kwetu bila kusimama, yakaenda mpaka mwisho wa korido, yakarudi. Zile chupa shangazi amezifungia kabatini, anasema ni ushahidi.

Zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, na hapo ndipo ataamua kuhusu meza. Nimewaza kusubiri zipite. Nimewaza pia kwamba nikiipata kwanza njia sahihi ya kukausha rangi, nitakwenda kwa shangazi na kosa pamoja na dawa yake, na huenda asininyang'anye kazi. Kwa hiyo nakuuliza, rangi ya kucha hukaushwaje haraka bila kuharibika? Na nikishaijua njia hiyo, niseme yaliyotokea, au nifanye kazi vizuri kimyakimya mpaka mambo yapoe yenyewe? Nimechoka kujiona mtu wa namna hii.

Msichana wa Meza ya Dirishani

*

Msichana wa Meza ya Dirishani, marahaba.

Barua yako imepangika vizuri, ila umeipanga kinyume. Umeweka rangi mbele na mtu nyuma. Mimi naanza na mtu.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kutia asetoni kwenye chupa lilikuwa kosa, lakini ni kosa la mtu anayefikiri. Wengi wanapuliza tu kwa mdomo maisha yao yote. Ungekwenda kwa shangazi Jumanne ileile ukamwambia ulichofanya, ungefokewa, ungezifuta kucha za mwalimu wa chekechea ukazipaka upya, na leo mngekuwa mnachekeshana kwa habari hiyo. Kwa hilo sikugombezi.

Nakugombeza kwa "sijui" yako. Uliulizwa na mtu mzima swali rahisi, na jibu ulikuwa nalo. Tena nikwambie jambo ambalo naona hukuliona. Mtu aliyeuza rangi za kucha miaka na miaka akinusa chupa iliyozidishwa asetoni anaijua. Alivyoinusa ile chupa, nadhani alishaelewa kilichotokea na alishaelewa ni nani. Angeweza kukutaja palepale mbele ya wateja. Hakukutaja. Alikupa nafasi useme mwenyewe, ukaikataa, naye akabeba sanduku lake na aibu yako akaondoka navyo. Na kila Alhamisi unayosubiri, anaibeba tena.

Unasema utasubiri wiki tatu mpaka uhakikishiwe meza. Binti yangu, fikiria vizuri unachokiomba. Unaomba shangazi yako aamue kuhusu wewe akiwa hajui. Akikupa meza kwa namna hiyo atakuwa amempa msichana ambaye hayupo. Na ile hesabu yako ya kwenda na kosa na dawa yake kwa pamoja siitaki. Ukianza kumweleza jinsi ya kukausha rangi, utajikuta umeongea nusu saa kuhusu rangi na nusu dakika kuhusu yule mzee. Nenda mikono mitupu.

Mfuate akiwa peke yake, saluni haina mteja, hata dada msusi hayupo. Mwambie, "Shangazi, ni mimi niliyetia asetoni kwenye zile chupa. Baba Magurudumu hana kosa lolote, na aliponiuliza nilimdanganya." Kisha nyamaza. Usimletee habari za kemia wala za mwalimu. Atakufokea, na ana haki, kwa sababu na yeye umemfanya amzulie mtu. Usilie ili akuonee huruma. Akimaliza, omba ruhusa muende pamoja kwenye zile saluni mbili mkamsafishe yule mzee jina lake, na mlangoni useme wewe, kwa sauti ya kusikika. Halafu mpigieni simu aje, na atakapofika wewe ndiye umpe kiti.

Je, utanyang'anywa meza? Inawezekana. Huenda ukapelekwa chumba cha ndani kuosha nywele mpaka likizo iishe. Osha, na uoshe vizuri. Shangazi aliyekuona ukikiri na kisha ukaosha nywele wiki tatu bila kununa ana la kufikiria zaidi kuliko yule aliyeona tu kucha zinakauka upesi. Siwezi kukuahidi jibu lake. Ila najua kwamba wenye saluni hulalamika kwangu mara nyingi juu ya wasaidizi wanaoficha, na sijawahi kupata barua ya kulalamikia msaidizi aliyesema ukweli.

Sasa rangi, maana umeuliza kwa adabu na kazi unaipenda.

Asetoni ni ya kufutia. Ukiitia ndani ya chupa inavunja kile kinachoshikilia rangi, ndiyo maana zilikauka haraka na zikabanduka haraka. Zile kumi na moja haziponi, zitupwe. Rangi ikiwa nzito kwa uzee, kuna dawa maalumu ya kuizimua, matone mawili matatu yanatosha, na muuzaji wenu anaijua.

Kinachochelewesha kukauka ni unene. Tabaka zito hukauka juu, chini likabaki bichi, ndiyo maana kucha inaonekana tayari halafu inaharibika mteja akigusa mkoba tu. Safisha kwanza mafuta yote juu ya kucha kwa pamba. Paka tabaka jembamba, subiri dakika mbili au tatu, paka la pili jembamba, subiri, kisha malizia na rangi angavu ya juu ile inayokauka haraka. Ukimaliza mkono mmoja na kuhamia wa pili, ule wa kwanza unakuwa umeshasubiri, hivyo huna muda unaopotea. Draya itumie kwa upepo wa baridi tu, kwa umbali wa mkono. Rangi ikishashika kiasi, mteja anaweza kutumbukiza vidole kwenye beseni la maji baridi sana dakika mbili tatu. Maji hayo yanaugandisha uso tu, kwa hiyo mwambie ukweli kwamba kwa saa moja hivi asisugue sufuria wala asitafute funguo ndani ya mkoba. Mkoba aufungue kabla hujaanza kupaka, na simu aiweke mezani mbele yake.

Kuhusu yale matabaka matatu mazito ya shangazi, hilo usimfundishe siku ya kukiri. Acha wiki ipite. Hasira zikipoa, mwombe akuruhusu upake mkono wako wa kushoto kwa njia yake na wa kulia kwa njia hii, kisha akae na saa mbele yake aone mwenyewe. Akikataa, mwenye saluni ni yeye, na utapaka matatu.

La mwisho. Barua yako sikuikata hata mstari mmoja, na magazeti husomwa saluni kuliko mahali pengine popote, watu wakisubiri nywele zikauke. Ukurasa huu unatoka leo Jumatano alasiri, na kesho asubuhi utakuwa kwenye benchi la shangazi yako. Atakayesoma hata mistari mitano atajua ni dirisha lipi. Yule mzee naye atapita kesho. Kwa hiyo funga gazeti sasa hivi, vaa viatu, umfikie shangazi yako kabla sijamfikia mimi.