Kikwembe Yako Iko Ku Balanse

Masika, mwana yangu,

Mbele usikie kwa bengine, nakuambia mwenyewe: nilifungula malle yako, ile sanduku ya nguo. Kikwembe yako ya bandege, ile kitambaa uliolewaka nayo, haiko tena ndani. Batoto ba Vuhovi bameikojolea. Usikunje uso. Ikala, nikuelezee muzuri.

Niko naandika kwa mukono yangu. Nilifikaka mwaka ya tatu ya primaire tu, unajua, lakini barua ya mwana yangu siwezi kuandikisha mutu mwingine. Kahindo, binti yako, alitaka kunisaidia, nikamufukuza. Iko inje anapika sombe na anaimba. Anaimba mubaya, kama wewe.

Ule mutoto yako amenishinda urefu. Anasomea buganga ya hospitali kule Butembo, na hii likizo kubwa balimutuma kufanya stage, kujifunza kazi, hapa kwetu, ku centre de santé, ile zahanati ya Vuhovi. Alifika na blouse nyeupe ya baganga mu sachet ya plastiki. Nilimuuliza: "Na hii vumbi yote, ile nguo nyeupe nani ataifua?" Akasema: "Mimi, Koko." Na aliifua kweli, kila magaribi. Hapo hakukufuata wewe.

Centre yenyewe, ungeiona, sijui ungelia ao ungecheka. Basoda na bunduki zabo baliipora. Balibeba bamatelas, balibeba dawa, balibeba mpaka zile suruali ndogo banawekeaka batoto ndani juu ya kubapima kilo. Mpaka leo najiuliza ni soda gani aliingia mule. Baliacha balanse tu, ile mizani ya kupimia, inaninginia ku barza na ndoano yake. Basi muganga Kasereka, mukubwa wa centre, akatwaa gunia ya kahawa, akaitoboa matundu mbili ya miguu, akasema ni vile vile.

Hapana vile vile. Wewe ungemuambia. Unakumbuka ule mununuzi wa kahawa alikuwaka anainua gunia ku balanse na goti chini chini, ili kilo zetu zipunguke? Ulikuwa mudogo, meno ya mbele hauna, ukamuambia mbele ya batu bote: "Papa, tosha goti yako chini ya gunia." Baba yako alitaka kuingia mu udongo kwa haya. Mimi nilikupa ndizi.

Basi bamama baliona gunia ya kahawa, baliona balanse, na balirudi kwao. Jirani yetu Kyakimwa njo alisema kwa sauti, unamujua kinywa yake: "Mujukuu yangu hapana kahawa. Balanse kama ile ilituibia kilo miaka yote, leo inataka kutuibia na batoto?" Na mimi, mwana yangu, niliona Kyakimwa anasema kweli. Sikumuambia Kahindo.

Lakini siku moja Kahindo alirudi, akaikala ku jiwe ya jikoni, hakugusa bugali. Nilimuambia chakula hapana ya kuangalia. Akasema: "Koko, siku ya ine ya juma hii banaleta chanjo ya surua. Inatoka Butembo na barafu. Kama bamama habakukuya, barafu itayeyuka, na chanjo itakuwa ya kutupa. Na hii barabara, leo inafunguka, kesho basoda banaifunga. Hatujue ingine itapita lini."

Surua, unaijua. Ile mwaka ya pili ya vita ilipita hapa, na tulizika batoto habajakuwa hata na meno. Nilimuangalia Kahindo. Alikuwa na uso yako, ile ya kule mu pori, wakati tulikimbiaka na homa ikakubeba, juu hatukuwa na kidonge hata moja. Yeye alikuwa mutoto, alikushika mukono, hakulia. Alisema tu: "Mimi nitakuwa muganga." Nilizania ni maneno ya mutoto.

Donc nilisimama, nikaingia mu chumba, nikafungula malle. Ulijua vile ninaichunga. Dada yako aliniombaka ile kikwembe juu ya ndoa yake, nikamunyima, akaninunia mwaka muzima. Niliipanga na sabuni, na kila Pasika niliitosha, nikaiangalia, nikairudisha. Nilimupa Kahindo. Nilisema: "Hii hapana gunia. Usiikokote chini." Basi. Alijifunika nayo uso, kama vile alifanyaka ku mugongo yako.

Siku ya ine nilienda naye, juu simuamini mutu na kitu yangu. Alifunga kikwembe ku ndoano vile tunabebaka mutoto, fundo mbili, akavuta kuona kama iko nguvu. Bamama balikuwa ku njia, balisimama mbali, hakuna aliyesogea. Nilimuita: "We Kyakimwa, mama yako alikubebaka mu nini? Mu gunia?"

"Mu kikwembe," alijibu.

"Basi kuya uone kikwembe."

Alikuya na shingo juu, mujukuu yake ku mugongo. Alishika kitambaa, akaigeuza, akaona ile pembe ulichomaka na pasi. Akasema pole pole: "Hii njo ya Masika." Hakuongeza neno. Kyakimwa, Masika, kukosa neno! Alifungula mutoto ku mugongo, akamuweka ndani mwenyewe.

Ule mutoto alininginia, akaangalia bandege, akacheka. Na pale pale akakojoa. Maji ilipita mu bandege yako yote, ikashuka ku blouse nyeupe ya Kahindo. Bamama bote baligeuza macho kwangu. Bananijua.

Nilicheka, mwana yangu. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kuikala. Tangu tulikuzikaka sikuwa nimecheka vile. Kahindo naye, na Kyakimwa, na muganga Kasereka ku mulango yake na sindano mu mukono.

Kisha bamama balijaa. Kahindo alikuwa anaita majina, na wewe unajua kwetu: akiita Masika, nusu ya bench inasimama, kila mukubwa wa babinti ni Masika. Na kila mara anaita, mimi pia niligeuka kuangalia ku njia. Sikukuona. Lakini haikuniuma kama mbele. Chanjo ilimalizika, barafu ilikuwa ingali haijayeyuka.

Stage imekwisha. Muganga aliandika muzuri juu yake, Kahindo alinisomea mara mbili juu nilijifanya sikusikia. Kesho anarudi Butembo kusoma. Alitaka kuturudishia kikwembe, ameifua na kuikunja. Kyakimwa alimukamata mukono: "Iache pale. Kama unaitosha, siji tena."

Nimeiacha. Kila siku ya kupima nitaenda mwenyewe kuifua ku muto, na ikipasuka nitaishona, wakati macho yangu ingali inaona tundu ya sindano. Na huyu binti yako nitamusindikiza mpaka amalize masomo, vita ama bila vita. Nimekuahidi.

Lala muzuri, mwana yangu. Salimia baba yako, umuambie asinisubiri na haraka, niko na kazi.

Ulikuwaka unaniambia, nikiwa nafunga ile malle: "Mama, nguo haizeeke mu sanduku, inazeeka ku mwili." Ulisema kweli. Usijivune.

Mama yako