Sufuria Isiyotoboka

Tarehe 9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na tanuri lako linawaka. Huku tunapumua, ila tumechoka.

Mpwa wako Kasuku ndiye aliyenishikisha kalamu. Wewe ndiye uliyembandika jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, sasa njoo umsikilize: kimya. Akirudi shule anajilaza na viatu vyake miguuni. Nilimshusha kope nikaona ndani kweupe. Zahanati wakampima, wakasema damu imepungua. Wametupa vidonge vya madini ya chuma, na nimeambiwa nimpe maharage na mboga za majani kila siku, nikamulie ndimu, na chai isikaribie chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Basi hata chai, raha yangu ya pekee, siku hizi nainywa kwa ratiba.

Mimi mwenyewe nasinzia juu ya cherehani. Juzi nilishona mfuko wa sare nikauziba kabisa, hauingii hata kidole. Msimamizi akauliza mwanafunzi atatia nini humo. Nikamwambia huo ni wa akiba. Baba Kasuku yuko safarini na lori, mzima wa afya kama kawaida yake.

Mdogo wako


Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mfuko umenichekesha, habari za Kasuku zimeninyima raha.

Usitegemee vidonge peke yake. Jirani yangu hapa karakana alisikia redioni kwamba ukipikia chombo cha chuma, chuma kinaingia kwenye chakula na damu inaongezeka. Nikasema, kumbe dawa tunayo wenyewe! Ile sufuria niliyokupa siku ya harusi ni ndogo. Nimeyeyusha vyuma nikakusubia nyingine, nzito, utakayopikia maharage mpaka yaombe msamaha. Ndani yake kuna injini ya gari, rejeta mbili, na vipande vya betri kuukuu. Hivyo vya mwisho ni siri yangu, ndivyo vinavyofanya uji wa chuma utiririke laini ukajaza kalibu bila kuacha tundu. Sufuria hiyo haitoboki. Kasuku ataipikia wajukuu zake. Kizuri chajiuza, lakini wewe chukua bure.

Mimi mzima, ila tumbo limenifunga wiki nzima na mkono wa kulia umelegea. Uzee unabisha hodi, nami sijasema karibu.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tumbo limefunguka? Sufuria imefika. Aliyenibebea kutoka stendi aliuliza kama nimetumiwa injini. Nikamwambia ndiyo, imeyeyushwa tu.

Nashukuru sana. Hakuna kinachoungua humo. Jioni natia maharage, natia mboga na nyanya, nakamua ndimu, kinacholala humo Kasuku anakila asubuhi. Vidonge hajakosa hata siku moja. Lakini kaka, tumempima tena na damu imeshuka zaidi. Muuguzi akanitazama juu hadi chini, akauliza kama kweli nampa mtoto vidonge au naviuza. Nililia njia nzima, mbele za watu, sikujali.

Mwalimu anasema amesahau hata herufi alizokuwa anazijua. Na analalamika tumbo kila siku, kama mjomba wake. Mmerithishana nini nyie?

Mdogo wako


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huyo muuguzi mwachie Mungu. Wewe ongeza maharage, usikate tamaa, haba na haba hujaza kibaba.

Naandika mbiombio. Shule ya hapa jirani imeniagiza sufuria kubwa za kupikia uji wa watoto. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akagonga moja kwa fimbo, ikalia kama kengele, akasema hizi ndizo. Ningefurahi zaidi kama mkono ungekubali kunyanyua nyundo. Mwandiko huu usiucheke.

Kaka yako


Tarehe 14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Leo naiandika bila kuisoma tena.

Kasuku alilazwa hospitali kubwa. Alianguka mstarini shuleni. Daktari aliitazama damu yake kwenye hadubini akaona vidoa ndani ya chembe, akaipeleka kupimwa upya. Ina madini ya risasi. Akaniuliza kuhusu rangi za ukuta, mabomba, betri. Nikasema nyumbani kwetu hakuna betri. Akauliza ni nani kwetu asiyeumwa. Nikasema mume wangu, lakini yeye anakula njiani. Hapo akauliza tunapikia chombo gani, nami nikaisifu sufuria yako, kaka, nikamwambia ndugu yangu ndiye fundi wake.

Wamezipima zote mbili, ya harusi na hii mpya. Risasi inatoka humo, na ndimu na nyanya zinaivuta zaidi. Ikishaingia inauzuia mwili kutengeneza damu, ndiyo maana vidonge viligonga mwamba. Kila nilipomkamulia ndimu ili apone nilikuwa namzidishia. Na mimi ninayo mwilini.

Najua ulitaka nini. Ulitaka apone. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili tu: sufuria za shule zisitoke, na wewe nenda ukapimwe.

Mdogo wako


Tarehe 25 Juni

Nimekusoma.

Daktari wako amewahi kushika kalibu? Nasubu tangu sijaota ndevu. Mama alipikia sufuria zangu mpaka Mungu alipomchukua, na hakuna aliyesema neno. Kazi hii ndiyo iliyokusomesha ushonaji, leo imekuwa sumu.

Sufuria za shule zimeshakwenda. Watoto wanakunywa uji, hakuna aliyeanguka.

Fundi sufuria


Tarehe 3 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Aliyenisomesha ni kaka yangu, si fundi sufuria, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Kasuku anapanda kidogo kidogo. Tunapikia chombo kingine, na vidonge vilevile sasa vinafanya kazi. Jana alikaa nami akihesabu vifungo vya sare, akakosea, nikamrekebisha, akanibishia mpaka nikachoka. Nilifurahi nikajificha chooni nikalia. Daktari anasema damu itarudi, ila yaliyopotea kichwani huenda yasirudi yote.

Nimezipanga barua zako. Ile ya Februari mstari umenyooka. Ya Juni herufi zinaanguka. Tumbo linafunga, mkono unalegea. Sisi tulikula kwenye sufuria, wewe unaupumua moshi wake kila siku. Na mama alikuwa mweupe viganjani, kaka, tukasema ni umri.

Kuhusu watoto wa shule ile, hawajaanguka bado. Wana mama zao, basi tu hawajui wamwandikie nani.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Mdogo wako


Tarehe 17 Septemba

Kaka, shikamoo.

Upo?

Mdogo wako


Tarehe 30 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi ni kubwa kama za darasa la kwanza. Kasuku akiweza anisahihishe.

Nilikwenda kupimwa. Niliona aibu, nikaaga karakana kwamba naenda msibani. Daktari aliponisomea majibu aliyasoma mara mbili, akauliza nilifikaje pale kwa miguu yangu. Risasi yangu inampita Kasuku mara kadhaa, na damu yangu si ya kujivunia. Tanuri nimelizima. Kuhusu mama sitaki kuandika, tutaongea tukionana.

Sufuria za shule zimerudi zote. Mwalimu mkuu alinipigia kelele mbele ya wanafunzi, nikamwacha amalize. Watoto wanapimwa, na baadhi yao wamekutwa nayo. Nimeonyeshwa mmoja, msichana, amekaa kimya kwenye benchi na viatu vyake miguuni.

Zako mbili usizitupe. Ukizitupa, waokota vyuma watazichukua, na watamuuzia fundi mwingine kama mimi. Ziweke mbali na jiko mpaka nije. Hizi za hapa nazitoboa kwa patasi, na mkono huu wa kushoto unanitoa jasho asubuhi nzima kwa tundu moja. Nilizisubu vizuri mno.

Sasa nazunguka nyumba kwa nyumba kuziomba. Wengine wananipa, wengine wanadhani nimechanganyikiwa. Jana nilifika kwa bibi mmoja anayelea wajukuu watano. Yake imekaa jikoni, imeng'aa, maharage yanachemka. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Baba, si wewe uliyeniapia kwamba hii nitazikwa nayo?" Akaifunika sufuria kwa mfuniko.

Kesho nitarudi tena kwake.

Kaka yako