Neno "Ejo" na Daftari la Pili

Nengo, Gisenyi

Dada yangu Zaituni,

Kabla hata ya salamu nakuomba: barua hii isome peke yako, usimsomee mtu hata neno moja, hata shemeji. Ofisini tumekatazwa kuyasema haya nje, na kila nikisikia viatu barazani naificha karatasi. Haya, hamjambo huko Kigoma? Kifua cha Baba kimepoa? Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti vizuri.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa. Vituo vyetu vya misaada vina kompyuta zinazotumiana ujumbe kwa redio. Ili kituo kimoja kikipate kingine, lazima kijue hicho kingine kinasikiliza masafa gani. Habari hizo za vituo vyote zimo katika orodha moja ndani ya kompyuta, nasi tunaiita daftari. Kinachonishangaza, dada, ni kwamba si kila kompyuta inahitaji daftari zima. Ya kituo cha Kanama ikitaka kuiandikia nyingine, inaiuliza yetu, inapewa jibu, na inalikumbuka hilo tu.

Kwa hiyo tulikuwa tunapanga daftari zima likae wapi. Mkuu wangu, Bwana Emile, alilitaka Gisenyi tu. "Bon, daftari moja, hakuna matata." Nikamwuliza: mashine yetu ikizimika, wengine watamwuliza nani? Na kila kituo kikiwa nalo lote, tutajuaje lililo sahihi? Nikashauri yawe mawili, letu na la kituo cha Nyundo, pale kanisani, ambako jenereta haizimwi. Akakubali tujaribu.

Jumanne ikaja karatasi kutoka Kanama: "Masafa mapya, ejo." Unakijua Kinyarwanda changu cha Kigoma, ejo kwangu ni jana. Nikabadilisha daftari letu papo hapo. Kumbe neno hilo hilo ni kesho pia! Siku nzima kila kituo kilichotuuliza kilipewa masafa ambayo Kanama hawajaanza kuyasikiliza. Ujumbe wa kuzuia gari lao lisitoke, maana barabara haikuwa salama, haukufika. Gari likatoka. Askari wakalirudisha njiani, wote wazima, alhamdulillahi.

Kesho yake Bwana Emile akasimama katikati ya chumba. "Nani alishika daftari? Alitaka watu wakufe?" Niliisukuma ile karatasi ya Kanama ndani zaidi ya mfuko, dada. Siku hizi swali kama hilo linaweza kumfikisha mtu pabaya. Akaita Nyundo kwa redio. Mimi sikuwa nimewapelekea badiliko, kwa hiyo mwalimu anayelitunza daftari lao kwa muda akajibu, "Yetu iko na masafa ya zamani. Makosa iko kwenu." Macho yote yakamgeukia Mama Sifa, anayefagia chumba cha mashine. Nikaona nikiendelea kunyamaza, atafukuzwa yeye.

"Ni mimi," nikasema, nikatoa ile karatasi.

Bwana Emile akaisoma mara mbili. "Lakini hapa ejo ni demain, kesho!"

Mama Sifa akapiga makofi. "Yebaba we! Ejo ya huyu mutoto wa Tanzania inaendaka nyuma tu!"

Wengine wakacheka. Bwana Emile hakucheka. "Donc, we Idi, utaenda Nyundo kuchunga daftari ya pili. Na hakuna kubadilisha kitu mpaka watu mbili wasomeane tarehe."

Sijui kama ni adhabu au nimeaminiwa. Barabara ile naiogopa, lakini nina hamu ya kukaa mbele ya mashine ile niione ikiulizwa na vituo vyote.

Nisalimie Mama, shemeji na wanao, na jirani yetu muuza kanga. Waambie tu kwamba ni mzima.

Jumatatu naondoka. Usiandike tena kwa sanduku la ofisi, barua za huko siku hizi zinafunguliwa. Juu ya bahasha andika jina la Shangazi yetu, yule fundi cherehani wa hapa Nengo, na ndani yake weka bahasha ndogo yenye jina langu tu, bila kutaja ninakokaa. Atanifikishia mwenyewe akija Nyundo kuwaona wateja wake wa pale kanisani. Ukiona kimya kinazidi mwezi, usiulize ofisini. Muulize yeye.

Mdogo wako,
Idi