Samahani Uliyoomba kwa Ajili ya Bembea

Azaiba, Muskat
Jumapili, 7 Juni 2026

Mpendwa mwanangu Wadha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, unakula chakula cha maana, na masomo yako ya uhandisi wa meli yanakwenda. Bega lako limepoa? Endelea kulikanda kwa mafuta ya habasoda niliyokufungia, usiyaweke kabatini kama pambo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto limeshaanza kutukaanga. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, na sukari ya baba yako imetulia tangu Idi.

Barua hii nampa mwanangu Hatem, anayekuja huko Korea kikazi. Ningeweza kukurekodia sauti kwenye simu, lakini ya simu ungeifuta, maana nimeona siku hizi una mkono mwepesi wa kufuta.

Basi jua kwamba mimi shangazi yako nimekukasirikia. Nimewakasirikia wengi wiki hii, lakini wewe umewapita wote.

Ile video uliyotutumia kwenye kundi la familia niliitazama mpaka simu ikaisha chaji. Wewe na mwenzako Sunhi mmesimama wima juu ya ubao mmoja wa bembea, uso kwa uso, mmeshika kamba nene. Huyu anachutama, yule ananyooka, na bembea inazidi kupanda mpaka nikajishika kifua. Mara mguu wako ukaipiga ile kengele iliyotundikwa juu. Wallahi nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mchele ukaungua.

Uliandika pale chini kwamba mchezo huo unaitwa geune, na kwamba wanawake wa Korea wameucheza tangu zama za mabibi zao kwenye sikukuu ya Dano. Siku hiyo hata waliokuwa wakifungiwa nyuma ya kuta walitoka wakabembea. Uliandika kwa furaha ambayo sijaisikia kwako tangu uondoke.

Halafu dada yangu Jawaher akaweka sauti yake. "Aibu gani hii, Wadha? Mtoto wa watu anarushwa hewani mbele za wanaume! Watu wanatutizama, mwanangu!" Na baba yako Marhoon, kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuwa akikubeba mabegani pwani ya Bustan na kukurusha juu huku ukipiga makelele, akanyamaza kama hayumo kwenye kundi.

Na wewe? "Samahani shangazi, sitorudia." Video ukaifuta. Kesho yake ukaniandikia kwamba umejitoa kwenye mashindano ya Dano ili watu wapoe.

Wapoe na nini? Nani aliwaunguza? Sketi yenu ile ya Kikorea imekufunika mpaka vifundoni, mtandio umekaza kichwani, mikono imejaa kamba. Umesitirika kuliko Jawaher mwenyewe kwenye harusi za Hail, na hilo nitamwambia usoni akitaka. Ukiomba radhi bila kosa, unawafundisha watu kukutafutia kosa jengine. Umenisikia?

Na huyo Sunhi amewakosea nini jamaa zangu? Bembea ya watu wawili haichezwi na mmoja. Umefanya mazoezi naye msimu mzima wa baridi, vidole vimepasuka kwa kamba, halafu umwache chini kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye simu ya mtu aliyelala kwenye kochi Muskat? Hiyo siyo heshima. Hata aibu ningeielewa. Huo ni woga, na woga huo hukuzaliwa nao.

Ijumaa tulikula kwa baba yako, Hail. Nilisubiri sahani zitolewe, maana sipendi kugombana na mtu mwenye pilau mkononi. Kisha nikamwuliza Jawaher mbele ya wote: nani alikuwa akisimama juu ya bembea za sikukuu Unguja, kanga kajifunga kiunoni, mpaka mwenye bembea akimwomba ashuke wenzake nao wapande? Wewe hili hulijui, hakuna aliyekusimulia. Shangazi yako alikuwa hatari. Wasichana wa mitaa mingine walikuwa wakija kumtazama yeye tu.

Nilidhani atakataa. Hakukataa.

"Kule tulikuwa kwetu, Rahila," akasema. "Tulipokuja huku, tukicheka tunatizamwa, tukisema Kiswahili tunatizamwa. Nikajifunza kukaa kitako. Nataka na yeye akae salama."

Wenzangu wakainamisha vichwa kwa huruma. Mimi hasira zikanipanda zaidi, mwanangu, na mpaka sasa ninapoandika hazijashuka. Miaka yote hiyo nilidhani dada yangu amebadilika kwa umri au kwa dini, kumbe ni macho ya majirani! Wengi wa majirani hao wameshakufa. Na khofu ile ile anaikunja vizuri anakupelekea wewe Korea. Nikamwambia kwamba yeye kama alishushwa, asimshushe mtoto wa mwenzake. Nikamgeukia Marhoon, nikamwuliza kama ulimi ameupeleka kwa fundi. Akasema, "Mwambie acheze." Nikamwambia amwambie mwenyewe, yeye ndiye baba. Kama hajakupigia mpaka unasoma hapa, nijulishe, nitakwenda Hail leo leo na goti langu hili.

Kwa hiyo mwendee mwalimu wenu wa bembea umwambie unarudi. Mwombe radhi Sunhi, huyo ndiye anayestahili samahani yako. Video irudishe kundini, na usiandike neno lolote chini yake.

Mama yako Balqees anakusalimu na kukuombea kila sala. Hatem atakuletea halwa na ndimu kavu, mgawie Sunhi. Mola akuhifadhi, akutie nguvu miguuni na akuondolee kila anayekuonea kijicho.

Jawaher pia anakusalimu. Sijasema naye vizuri tangu siku ile, wala sijawa tayari. Lakini wakati natoka alinifuata mpaka kwenye gari, akasimama kwenye jua kali bila hata kufungua mwavuli wake. Akauliza, "Wanasimama wima?" Nikamjibu ndiyo. "Wawili wawili?" Ndiyo. Akasema, "Mwambie asinyooshe magoti mapema. Angoje ubao upite chini kabisa, ndo ajinyooshe kwa nguvu zake zote. Wasichana wengi hukosea hapo."

Mfuate kwa hilo. Anajua anachokisema.

Ni mimi shangazi yako, mwenye hasira na mapenzi kwa pamoja,
Rahila