Neno Nililoliacha Njiani

Papa,

Viatu vyako bado viko mlangoni, vile ulivyovipasua mbele ili vidole vipumue. Uliposema, "Biatu bimenikatala, Furaha, niko nakomala tena!" Kashojwa nzima, kambini kwetu, ilicheka kwamba mzee anakua upya. Mikono ilijaa, taya likatoka mbele, nasi tukacheka tu. Ukaacha hata kuwaitikia watu waliokusalimu kutoka pembeni, wakasema unaringa. Kumbe hukuwaona.

Nakuandikia kwa sababu sielewi, na wewe ndiye niliyezoea kumuuliza.

Siku ile hospitalini Mbarara daktari aliniambia mimi kando, "Mzee iko na kivimbe chini ya ubongo, na mishipa yake hapana mzuri. Rudi wiki ingine." Mimi ndiye niliyebeba maneno hayo hadi nyumbani. Kivimbe nilikisahau njiani, Papa, au nilikiogopa. Nikamwambia Shangazi Esta, dada yako, "Ni mishipa." Naye ni mkandaji, mishipa anayoijua ni ya shingo. Akakukanda kwa mawese siku tatu. Siku ya nne ulishika kichwa, ukatapika, ukasema hutuoni. Kabla gari halijapatikana Base Camp, kwenye ofisi za kambi, ulikuwa umeshatuacha.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Alinichorea kitezi kidogo kama harage, na kivimbe kilichoota hapo, ndicho kilichokukuza miguu na taya na kukuziba macho ya pembeni. Mishipa aliyoisema ilikuwa ya damu, ya kivimbe chenyewe. Alisema katika vivimbe vya namna hiyo mishipa mingine hutanuka ovyo, mingine kuta zake huwa nyembamba mno. Anadhani ilipasuka, damu ikajaa mle ndani. Nikamuuliza habari ya kukanda. Akasema mkono wa mtu haufiki kule. Nusu namwamini. Nusu nawaza, kama ningesema kivimbe, si tungekurudisha mapema? Au ingekuwa yale yale? Sijui, Papa. Kweli sijui.

Shangazi hakandi mtu tena. Chupa ya mawese ameifukia nyuma ya nyumba, na anasema mikono yake ndiyo iliyokuua. Mimi nanyamaza, maana nikimtetea itabidi niseme neno lililopotea nilikuwa nalo mimi. Naona aibu.

Pumzika, Papa. Kesho asubuhi nitaenda kwake nimweleze yote, nianze na kivimbe. Asiponifukuza, nitakaa chini mbele yake nimpe shingo yangu aikande, hata kwa mikono mikavu.

Mwanao,
Furaha